PEMBE AU KWATO? MAONI YANGU KUHUSU GARI LA MJOMBA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, tena wengi wetu huichomeka tu ili kumfurahisha mwalimu anayesahihisha. Mimi maana yake niliiona kwa macho yangu kule Narok, imesimama uani kwa magurudumu manne.

Mjomba wangu ni daktari wa mifugo. Wateja wake wako mbali na lami, pande za Narosura hadi milima ya Loita, na huwafikia kwa gari dogo aina ya Suzuki Maruti, lile lililotengenezwa India. Gari lenyewe likiwa tupu lina uzito wa karibu kilo 1,000, injini yake ni ya lita 1.3, na ukilitia gia ya magurudumu yote manne hupanda kilima kama mbuzi. Ndiyo maana sisi watoto tuliliita Mbuzi. Na msidhani kwamba kwa vile mimi ni msichana nilikuwa nikitazama kwa mbali. Aliyekuwa akishika tochi chini ya gari kila Jumapili ni mimi.

Januari 2024 mjomba alipata pesa kidogo, akaamua kuliboresha gari. Pesa zenyewe zilikuwa shilingi 130,000, na sehemu yake ilikuwa mkopo kutoka kwa baba yangu. Alikwenda kwenye gereji moja mjini akarudi jioni akipiga honi. Jamani, Mbuzi alikuwa amegeuka fahali! Mbele palikuwa na vyuma vikubwa vya kuzuia wanyama, vimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Juu ya paa palikuwa na kichanja cha mizigo chenye taa nne. Matairi yalikuwa makubwa, na springi ziliinuliwa kwa vipande vya chuma ili matairi hayo yasikwaruze bodi. Majirani walikuja kupiga picha. Hata mimi nilipiga.

Baada ya wiki mbili nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Baba alisema mkopo wake bado haujarudi. Nilikaa siku tisa nikilitazama gari lile.

Siku hizo tisa sikuzitumia kulia tu. Nilikuwa na daftari la hesabu, nikaanza kupima. Matairi ya zamani yaliandikwa 205/70 R15, na mapya 235/75 R15. Ukizifuata namba hizo utaona kwamba kipenyo kimetoka milimita 668 hadi karibu 734. Sasa basi, anayefurahia kuinuliwa aone alichopata: ekseli huinuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita 3 na ushei, basi. Lakini kipenyo kimeongezeka kwa karibu asilimia 10, na kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hicho hicho. Injini ile ile ndogo imeambiwa izungushe gurudumu kubwa zaidi. Mjomba alikuwa akilalamika kwamba gari limekuwa zito kupanda, akidhani mafuta ya petroli yamechanganywa na maji! Na saa ya mwendo ikisema 80, kumbe gari liko kwenye 88.

Zile springi zilizoinuliwa nazo ni kichekesho. Ziliinua bodi na chasisi, lakini lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo ndilo hugonga mawe, halikuinuka hata unywele mmoja kwa sababu ya springi. Ekseli hukaa juu ya magurudumu, springi hukaa juu ya ekseli. Ukitaka kuliinua tumbo hilo, ni tairi tu. Springi ndefu zinafaa ikiwa bodi inagonga, au matairi yanakosa nafasi. La sivyo umenunua kuyumba.

Kisha tukapima uzito kwa mizani ya mahindi ya shangazi. Vile vyuma vya mbele, kilo 46. Kichanja na taa zake, kilo 38. Kila tairi jipya lilizidi la zamani kwa kilo 7, na yako matano ukihesabu la akiba. Jumla ni kilo 119. Hilo ni gunia la kilo 90 na zaidi ya debe moja juu yake, ambalo Mbuzi alibebeshwa asubuhi na jioni hata kabla mjomba hajapanda na kasha lake la dawa. Kwa lori hilo si kitu. Kwa gari la kilo 1,000 ni zaidi ya sehemu moja kwa kumi, na kilo 38 kati ya hizo ziko juu ya paa, mahali ambapo gari jembamba na fupi linapenda kuvutwa na kupinduka.

Aprili mvua zikaja, na nyote mnakumbuka mvua za mwaka 2024 zilivyokuwa. Mjomba alikuwa amebeba chanjo ya ugonjwa wa midomo na miguu, ambayo lazima ikae katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Alikwama kwenye udongo mweusi, ule unaonata kama ugali usioiva. Matairi makubwa aliyouziwa yalikuwa ya barabara, mapengo yake ni membamba, basi mara moja yakajaa tope yakawa laini kama chapati. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakazunguka bure, na mengine mawili yakatulia, kwa sababu ndivyo difu ya kawaida ilivyo: nguvu humkimbilia asiye na mzigo. Lori la mchanga likapita, dereva wake mwungwana akasimama, akatoa kamba. Akauliza, "Daktari, nifunge wapi?"

Hapakuwa na pa kufunga. Vyuma vyote vile vinavyong'aa vilishikiliwa kwa bolti nne nyembamba kwenye bampa. Walipovuta, vikang'oka upande mmoja. Mjomba alilala pale. Asubuhi barafu ilikuwa imeyeyuka zamani na chanjo ikamwagwa. Wafugaji waliokuwa wamekusanya ng'ombe wao tangu alfajiri wakawatawanya tena. Mzee mmoja alimwambia tu, "Haya, daktari, mvua ni ya Mungu." Mjomba anasema afadhali angemtukana.

Ndipo nikafikia maoni yangu, na ninajua wako watakaonipinga. Mimi nasema kwamba gari dogo halipaswi kuongezewa kitu chochote mpaka mwenyewe ajibu swali moja: mara ya mwisho lilikwama wapi, na kwa sababu gani? Mjomba hakuwahi kumgonga nyati. Hakuwahi kukosa mwanga, maana usiku hasafiri. Alikuwa akikwama matopeni na akigonga mawe tumboni. Alinunua pembe, na ugonjwa ulikuwa kwenye kwato. Daktari wa mifugo, tena!

Ningekuwa na zile 130,000, ningeanza na vitu ambavyo hakuna jirani angevipiga picha. Kwanza kukarabati: shoki zilizochoka, bushi za springi, beringi za mbele ambazo zikilegea usukani hutetemeka kama mgonjwa wa malaria, tena matairi makubwa huzidisha. Huko si kuboresha, wengine watasema. Sawa, lakini gari lililolegea ukiliongezea kitu unakiharibu na hicho.

Pili matairi, na hapa ndipo ningetumia pesa nyingi bila kujuta. Yawe ya kipimo cha kiwanda au makubwa kidogo tu, lakini yenye vifundo vikubwa na mapengo mapana ili tope lichomoke linapozunguka. Pamoja nayo ningenunua pampu ya upepo na kipima upepo. Tairi likipunguzwa upepo hujilaza, likapata nyayo ndefu zaidi ya kukanyagia mchanga au tope. Wengi hujua kupunguza, kisha hurudi kwenye lami hivyo hivyo, tairi likapata moto na kupasuka. Pampu ndiyo inayokuruhusu kupunguza.

Tatu kulabu madhubuti, mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye chasisi yenyewe, na kamba nzuri, na koleo. Fundi wa jua kali anayejua kazi yake atazifunga siku hiyo hiyo. Nne bamba la chuma la kukinga tumbo. Hapo ningefunga kibeti.

Rafiki yangu wa kidato cha nne aliposoma haya alinicheka. Akasema, "Wewe hujaona magari ya Rhino Charge?" Nimeyaona kwenye televisheni, bwana. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kuchangisha pesa za ua wa msitu wa Aberdare, ua uliokamilika mwaka 2009, na ninayaheshimu sana. Lakini gari la pale hutafuta vituo 13 kwa muda wa saa 10, huku wakimbiaji wakilitangulia kwa miguu kulitafutia njia, na mafundi wanalingoja kambini. Mbuzi hutafuta ng'ombe mwaka mzima, na fundi wake ni mimi na tochi. Tunapoiga, tuige basi na wale wakimbiaji!

Palipobaki ubishi kati yangu na mjomba ni kuhusu winchi. Yeye anasema angekuwa nayo asingelala njiani. Mimi namwuliza, angeifunga kwenye nini? Uwanda ule hauna hata mti wa kukojolea mbwa. Anajibu kuwa mtu anaweza kulizika gurudumu la akiba akalitumia kama nanga. Hilo ni kweli, nakubali, ila nataka kumwona mtu mwenye tumbo kama lake akichimba shimo hilo mvuani. Kwa anayepita msituni peke yake, winchi ni haki yake. Kwa mjomba iwe baada ya kulabu, wala si kabla.

Vile vyuma vya mbele sasa viko nyuma ya zizi, na kuku hulala juu yake. Kichanja kiliuzwa kwa nusu ya bei, baba akalipwa kiasi. Likizo ilipokwisha mjomba alinipa karatasi nimwandikie bei za matairi kama yale niliyomweleza, nami nikamwandikia na kuzipigia mstari kulabu mara mbili. Shule ikifungwa nitakwenda kuchungulia chini ya gari.