Laptopu ikikataa Wi-Fi, mama usikimbilie bisibisi

SEHEMU YA 1

  Mmezoea nikiandika kuhusu chanjo, kunyonyesha na uji wa lishe. Leo naandika kuhusu kadi ya Wi-Fi ya laptopu, na kabla hamjaniuliza "Sista, umehamia ufundi?", someni kwanza.

Korosho zikishalipwa, nyumba nyingi huku kwetu hununua laptopu ya mtumba. Miezi inapita, mtoto anamaliza kidato cha sita, anataka mkopo wa Bodi ya Mikopo. Maombi ni mtandaoni. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, nako ni mtandaoni. Chuo, mtandaoni. Sasa dirisha limebakiza siku nne, na Wi-Fi ya laptopu imepotea. Hapo nyumba inaingia joto. Baba anasema tuliuziwa kimeo. Kijana anatafuta bisibisi. Mama anakaa pembeni kwa sababu ameshaambiwa mambo ya kompyuta si yake, wakati nusu ya hela iliyonunua ile mashine ni ya korosho alizookota yeye kwa mgongo wake.

Mimi nina msimamo, na najua wengine hamtaupenda. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, laptopu isifunguliwe mpaka njia zote za nje zishindikane. Na mama ndiye aseme lini ifunguliwe, ifunguliwe wapi na afungue nani. Wodini hatuanzi na kisu. Tunauliza, tunapima, ndipo tunaamua.

SEHEMU YA 2

Tuanze kupima basi.

Kuna vitu viwili vinachanganywa kila siku, Wi-Fi na intaneti. Wi-Fi ni ile njia fupi ya hewani kati ya laptopu na simu au ruta iliyoko chumbani. Intaneti ni safari nzima, mpaka chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, mtandao ukasuasua Tanzania na nchi jirani. Siku ile kadi za laptopu zilikuwa nzima kabisa, zimeshika Wi-Fi vizuri, lakini ukurasa haufunguki. Kwa hiyo kama laptopu inakuambia imeunganishwa na bado hupati kitu, usiguse kadi. Angalia bando. Angalia kama simu yenyewe inafungua chochote.

Kama laptopu haioni mtandao wowote, anza na kibodi. Nyingi zina kitufe chenye alama ya mnara au ya ndege, mara nyingi kwenye ule mstari wa juu wa F1 hadi F12. Za zamani zina kiswichi pembeni. Mtoto wa miaka miwili akipapasa kibodi mara moja tu, Wi-Fi imezimwa, na nyie mnahangaika siku tatu.

Kuna lingine wengi hawalijui. Simu za siku hizi zinaweza kurusha hotspoti kwa masafa ya gigahezi 5, na laptopu nyingi za mtumba zina kadi inayosikia gigahezi 2.4 peke yake. Hapo hata uziweke zote mbili juu ya mkeka mmoja, laptopu haitaiona hiyo simu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, badilisha iwe 2.4, jaribu tena.

Bado? Bonyeza upande wa kulia wa kipanya kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager, tazama chini ya Network adapters. Ukiona jina lenye Wireless au Wi-Fi na pembetatu ya njano, kadi ipo ila draiva inasumbua. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuongea na kadi. Jina lisipoonekana kabisa, basi kadi imelegea, imekufa au haimo.

Sasa hili lisomeni mara mbili, maana ndilo linaloweza kuokoa maombi ya mwanao usiku huuhuu. Chukua simu ya Android, ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB. Kwenye simu, ingia palepale penye hotspoti, washa palipoandikwa USB tethering. Laptopu inapata intaneti kupitia waya, kadi ya Wi-Fi haihusiki hata kidogo. Waya uwe ule unaopitisha data, maana zipo za bei chee zinazochaji tu. Tumeni maombi kwanza. Habari ya kadi mtaongea kesho mkiwa mmelala vizuri.

Intaneti hiyohiyo ya waya ndiyo itakayoshusha draiva iliyokosekana. Ila Windows ikishanusa mtandao inapenda kujipakulia masasisho yake bila kuuliza, na bando la wiki linaondoka kwa saa moja. Mkishapata draiva, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, washa Metered connection, itatulia.

SEHEMU YA 3

Tuseme mmepima yote na kadi imekufa kweli. Kijana atasema tununue kadi mpya tuipachike ndani. Mimi nasema nunueni adapta ya USB, ile inayochomekwa pembeni kama flashi. Inafanya kazi ileile, hakuna skrubu hata moja inayotoka, na siku laptopu ikifa mnaihamishia kwenye nyingine. Zingine zikichomekwa mara ya kwanza zinajionyesha kama CD. Usishtuke, draiva imewekwa humo ndani, fungua uisakinishe, kisha itatokea Wi-Fi.

Chagueni yenye mwili mrefu au antena, msichague ile ndogo ya ukubwa wa ukucha. Sababu ya kwanza, antena ndefu kwa kawaida inashika vizuri zaidi kwenye nyumba zetu zenye kuta nene na mabati. Sababu ya pili ni ya kinesi: kitu cha ukubwa wa ukucha kinaishia mdomoni mwa mtoto.

Ikishashika, wekeni nywila ya hotspoti. Msiache wazi kwa kuona aibu kwa jirani. Bando linalokwisha ni lenu, na kinachofanywa kupitia mtandao wako kinaonekana kimetoka kwako. Nywila iwe na herufi na namba kuanzia 8, isiwe namba ya simu wala jina la mtoto. Na Windows ikiuliza kama mtandao ni Public au Private, mkiwa dukani au stendi chagueni Public, hapo laptopu inajificha kwa wengine.

Najua swali linalokuja, nimeulizwa sana kliniki: "Sista, hiyo Wi-Fi haidhuru mimba? Haidhuru mtoto?" Wi-Fi ni mawimbi ya redio. Nguvu yake ni ndogo, kama sehemu ya kumi ya wati hivi, na hayawezi kuvunjavunja chembe za mwili kama mionzi ya X-ray. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba hakuna ushahidi wa kushawishi kuwa mawimbi dhaifu ya minara na mitandao isiyo na waya yanadhuru afya. Mwaka 2011 wataalamu wake wa saratani, IARC, waliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani "huenda", na hoja kubwa ilikuwa watu wanaobana simu sikioni miaka mingi. Kwa hiyo mama mjamzito, adapta iliyoko mezani isikunyime usingizi. Ninachokugombeza mimi ni ile chaja iliyochubuka waya unaoiacha sakafuni kwa mtoto anayetambaa.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo nilipokuwa napaendea.

Laptopu nyingi, hasa za zamani, ndani zina betri ndogo ya mviringo kama sarafu, inayotunza saa na tarehe. Mara nyingi ni ile inayoitwa CR2032, upana milimita 20, volti 3. Kijana akifungua laptopu sebuleni kutafuta kadi ya Wi-Fi, kifuniko kipo huku, skrubu zimemwagika mkekani, na betri hiyo inaweza kuchomoka. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapita. Anaona kitu kinang'aa.

Skrubu ikimezwa mara nyingi inatoka yenyewe, japo lazima mtoto aonwe. Betri ya sarafu ni habari nyingine kabisa. Ikikwama kwenye umio, mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na pale ilipogusa panatengenezwa kemikali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa 2 tu majeraha mabaya yanaweza kuwa yameanza. Hata betri iliyochoka, isiyowasha kitu, inaweza kufanya hivyo. Na mtoto anaweza asilie. Anatoa udenda, anakataa kula, anakohoa kidogo, mama unadhani ni mafua au meno.

Ukihisi amemeza, au umehesabu betri ukaikosa, usimtapishe. Usimlishe ugali eti isukume. Usisubiri choo cha asubuhi. Ondoka saa ileile uende penye X-ray: ukiwa Nanganga, shika barabara kwenda Ndanda au Nyangao, wa Masasi nendeni Mkomaindo, wa Newala hospitali ya wilaya. Ukifika mlangoni sema neno "betri" kwanza kabla ya jina la mtoto. Akiiweka puani au sikioni ni haraka vilevile, inaunguza na huko.

Ndiyo maana nasema mama awe na sauti kwenye hili. Mwenye kujua saa ngapi watoto wamelala ni wewe.

Basi kama ni lazima ifunguliwe, iwe usiku watoto wakiwa wamelala, au chumba kilichofungwa mlango. Juu ya sinia, siyo mkekani. Skrubu kwenye kikombe chenye kifuniko, mzihesabu zikitoka na zikirudi. Laptopu izimwe kabisa, siyo kufunika tu, chaja itoke na betri kubwa itenganishwe. Mkikuta betri kubwa imevimba kama andazi, simamisheni kazi. Msiitoboe, msiikandamize, ipelekwe kwa fundi.

Kadi yenyewe ni kabati kadogo kanakoshikwa na skrubu moja au mbili. Kabla ya kununua nyingine, itoeni ya zamani muiangalie, au mpige picha muende nayo dukani. Laptopu za miaka ya nyuma zinatumia aina ya mini PCIe, za karibuni M.2, na hazibadilishani. Zipo na kadi za Intel kama AX201 zinazokubali tu kompyuta zilizotengenezewa aina hiyo, wakati AX200, inayofanana nayo kwa macho, haina sharti hilo. Na baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo zinakataa kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao. Hapo hata kadi iwe mpya na nzima, hela imepotea. Mnaona kwa nini nilisema adapta ya USB?

Juu ya kadi kuna nyaya mbili nyembamba, ndizo antena. Zinang'olewa kwa kunyanyua wima na kurudishwa kwa kubonyeza wima mpaka zisikike "tik". Ukizungusha zinakatika. Ukisahau kuzirudisha, Wi-Fi itaonekana lakini itashika ukiwa umeibeba simu mapajani tu.

SEHEMU YA 5

Wengine mtaenda kwa fundi, na ni sawa, mafundi wazuri wapo Masasi mjini na hata hapa njia panda. Ila laptopu ya familia siku hizi ina picha za mtoto akioga, vyeti vyenu, namba za NIDA. Hamisheni kwanza kwenye flashi, mfute mlichohamisha. Kama kazi ni ya nusu saa, kaa hapohapo ufundi uishe ukiona.

Akikuambia mazabodi imeungua kabla hajafungua Device Manager mbele yako, nyanyuka na mashine yako. Mwambie kwa upole, "Mwanangu, nionyeshe jina la kadi kwenye kioo." Akibadilisha kadi, omba ile ya zamani urudi nayo. Na kabla hujatoa hela, washa hotspoti ya simu yako mwenyewe, sogea hatua kumi nje ya duka, uone kama laptopu bado imeshika.