Kiti cha Mnywaji, Meza ya Mlaji

Katika miji ya Uingereza yako malalamiko ambayo hayajapata kunyamaza tangu miaka ya 1990. Mzee aliyezoea kuingia baa ya mtaa wake kila jioni na kuketi mahali pake pale pale, siku moja hufungua mlango akakuta kuta zimepakwa rangi mpya, ubao wa kurushia vishale umeondolewa, na juu ya meza yake pamewekwa uma, kisu, na kadi ndogo inayosema kwamba meza hiyo ina wenyewe kuanzia saa moja. Bia bado ipo, wala hakuna aliyemfukuza. Walakini husimama pale na glasi mkononi, kama mtu aliyefika arusini bila kualikwa. Kesho yake mke wa jirani, ambaye hakupata kutia mguu ndani ya nyumba ile maisha yake yote, huingia na watoto wake, wakala samaki kwa viazi, naye akatoka akiisifu. Wote wawili ni wateja, na wote wawili husema kweli.

Nyumba inayozungumzwa hapa ndiyo Waingereza waiitayo pabu, jina ambalo asili yake ni nyumba ya watu wote. Si hoteli, wala si kilabu cha wanachama. Mtu huagiza mwenyewe kaunta, hulipa papo hapo, hubeba kinywaji chake, akaketi apendapo. Hapana amwulizaye ataondoka saa ngapi. Kwa bei ya painti moja ya bia, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu lita, amenunua pia kiti, joto la moto wakati wa baridi, na mazungumzo ya watu wanaomjua. Aliyesikia njaa alipata karanga, au yai lililolowekwa ndani ya siki, au pai ya nyama iliyokwisha poa. Zamani nyumba nyingi za namna hii ziligawanywa ndani: upande mmoja wa vibarua, usio na zulia, na upande wa pili wenye viti vya mito, ambako bia ile ile iliuzwa ghali kidogo zaidi. Aghalabu mwenye nyumba alikuwa mtu wa makamo aliyejua majina ya wateja wake. Ilikuwa kawaida kumkuta askari polisi au mwanajeshi mstaafu akiendesha biashara hiyo pamoja na mkewe, kwa maana alijua kutuliza ugomvi bila kupiga kelele.

Wanaolalamika husema kwamba pabu ni ya kunywa, na chakula kimekuja juzi. Hapo wamekosea. Katika karne ya 18, kabla kambi hazijajengwa kwa wingi, askari wa Uingereza walilazwa kwa sheria katika nyumba za wageni na nyumba za pombe, na wenye nyumba walilazimika kuwalisha kwa malipo yaliyowekwa na serikali. Walinung'unika sana, lakini waliwalisha.

Kisha kuna habari ya mji wa Carlisle, ambayo yafaa ijulikane zaidi kuliko ijulikanavyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Uingereza ilijenga kiwanda kikubwa cha baruti huko Gretna, karibu na mpaka wa Scotland. Maelfu ya wajenzi na wafanyakazi wenye mishahara mizuri walimiminika katika mji wa Carlisle ulio jirani, na kesi za ulevi zikawaelemea polisi na mahakimu. Mwaka 1916 serikali ilichukua hatua ambayo hakuna aliyeitazamia: ilizinunua pabu za eneo lile pamoja na viwanda vyake vya bia. Nyingine ilizifunga, na nyingine ilizigeuza mahali pa kula. Gretna Tavern, ya kwanza katika hizo, ilifunguliwa mwaka ule ule ndani ya jengo lililokuwa posta. Meneja alikuwa mtumishi wa serikali, naye hakupata faida yoyote kwa kuuza bia nyingi. Mpango huo ulipita vita viwili, na pabu hizo hazikurudishwa mikononi mwa watu binafsi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Bunge kupitisha sheria ya kuuvunja mwaka 1971. Basi wazo la kumweka mlaji karibu na mnywaji, ili kumpunguzia mnywaji kasi yake, lilikuwa kwanza wazo la serikali iliyokuwa vitani.

Mabadiliko ya siku hizi yalitokana na jambo jingine. Kwa miaka mingi pabu nyingi zilikuwa mali ya makampuni makubwa ya kutengeneza bia, nayo hayakuwa na haja kubwa ya jiko. Mwaka 1989 serikali iliamuru kwamba kampuni yenye pabu zaidi ya 2,000 iachilie nusu ya zile zilizozidi idadi hiyo. Kwa hiyo nyumba nyingi ziliingia sokoni, na wapishi vijana, ambao wasingeweza kupata fedha za kufungua mkahawa wa kifahari, wakaona mlango umefunguka.

Mwaka 1991 David Eyre na Michael Belben walichukua pabu iliyoitwa The Eagle, katika barabara ya Farringdon, London. Hawakuipamba. Kaunta waliiacha, sakafu ya mbao waliiacha, na viti vilikuwa vya kuokoteza, kila kimoja na umbo lake. Jiko waliliweka nyuma ya kaunta mbele ya macho ya watu, na majina ya vyakula wakayaandika kwa chaki ubaoni. Hapakuwa na vitambaa vya meza. Mtu aliagiza kaunta kama anayeagiza bia, akaletewa, kwa mfano, mkate wenye nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa namna ya Kireno. Waandishi wa gazeti la The Guardian, ambalo wakati ule ofisi zake zilikuwa barabara ile ile, walikuwa miongoni mwa wateja, na bilashaka jambo hilo halikuizuia sifa ya nyumba ile kuenea. Ndipo likazaliwa jina gastropabu, kwa kuliunganisha neno la Kiyunani la tumbo na neno pabu. Ni jina baya, na wateja wengi hawakulipenda. Mwaka 2011 hata kitabu maarufu cha kuwaongoza walaji, The Good Food Guide, kiliacha kulitumia.

Jina likaachwa, lakini nyumba zikaongezeka, na maoni ya wateja yakazidi kugawanyika. Ukiyasikiliza kwa makini utagundua kwamba ni wachache wanaosema chakula ni kibaya. Wanaosifu husema nyumba sasa inanukia kitunguu na nyama badala ya sigara, ingawa shukrani hizo zingeelekezwa pia kwa sheria iliyokataza kuvuta sigara ndani ya pabu za England tangu Julai 1, 2007. Husema vyoo ni safi, mvinyo unanyweka, na mtu aweza kumleta mama yake mzazi siku ya Jumapili akala nyama iliyookwa, viazi, mboga na mchuzi. Wanaolaumu hutaja bei. Huuliza kwa nini viazi viletwe ndani ya ndoo ndogo ya bati, na nyama juu ya kipande cha ubao, kana kwamba sahani zimekwisha nchini. Katika hilo la sahani wana haki kabisa.

Lakini shauri kubwa ni lile la meza, na hapo ndipo mama yeyote aliyepata kulisha watu wengi atakapomwelewa mwenye nyumba upesi kuliko atakavyomwelewa mumewe. Bia husubiri. Pipa lililofunguliwa leo laweza kuuzwa kesho, na mtu mmoja nyuma ya kaunta aweza kuwahudumia watu wengi. Samaki hasubiri. Mpishi hulipwa jioni ileile, wateja waje au wasije. Mboga hunyauka, gesi huwaka, na sahani hazijioshi. Mlaji aliyeketi saa moja amelipia vyote hivyo. Mzee aliyeketi mezani kutoka saa kumi na moja mpaka saa nne kwa painti mbili hakulipia hata mshumaa. Kwa hiyo mwenye nyumba huweka kadi, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa hesabu.

Hata hivyo hesabu hiyo imeacha kitu nje. Mzee yule hakuwa akinunua bia tu. Pengine mkewe amefariki, watoto wamehamia miji mingine, na wale watu wanne wa kwenye kona ndio pekee watakaoulizana yuko wapi asipoonekana siku tatu. Nyumba ikigeuka, watu hao wanne hawahamii pamoja mahali pengine. Mmoja hununua bia ya mkebe katika duka kubwa, ambako ni rahisi zaidi, akanywa mbele ya televisheni. Wa pili hupata pabu ya mbali. Wa tatu huacha. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la mtu yeyote, na mteja mpya anayeisifu supu hawezi kuiona, kwa sababu hakuwako kabla yake.

Naye mteja mpya asilaumiwe upesi. Katika kumbukumbu ya wazee, kiti alichokalia babu kilikatazwa kwa bibi, kama si kwa sheria basi kwa macho ya watu. Katika baa ya mvinyo ya El Vino, barabara ya Fleet, London, wanawake hawakuruhusiwa kusimama kaunta na kuhudumiwa kama wanaume. Sharti waende kuketi chumba cha nyuma. Mwanasheria Tess Gill na mwandishi Anna Coote walishtaki, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria. Watoto nao, walio chini ya miaka 14, walikatazwa kuingia chumba cha kunywea kwa sheria ya mwaka 1908, na katika England na Wales sheria haikulegezwa mpaka mwaka 1995. Jiko ndilo lililowapa wengi wa hao sababu ya kuingia. Mwanamke akiketi peke yake na sahani mbele yake haulizwi anamngoja nani.

Mwandishi George Orwell, ambaye katika ujana wake alikuwa afisa wa polisi huko Burma, aliandika mwaka 1946 makala juu ya pabu aliyoitamani, akaipa jina The Moon Under Water. Wapenzi wa pabu za kale humtaja kama shahidi wao. Wamsome tena. Ni kweli kwamba katika pabu yake hapakuwa na chakula cha jioni. Walakini mchana chumba cha juu kiliuza chakula kizito siku sita za juma, na kaunta ya chini haikukosa mikate yenye soseji ya maini, kome, jibini na achari. Tena alitaka bustani ambamo wake na watoto wangekaa pamoja na waume, asije baba akanywa peke yake huku mama amebaki nyumbani na mtoto. Pabu yenyewe haikuwapo, aliibuni. Baadaye kampuni ya Wetherspoon, iliyoanzishwa na Tim Martin mwaka 1979, iliziita pabu zake kadhaa kwa jina hilo hilo, na humo leo mzee mwenye fedha kidogo hupata bia ya bei nafuu pamoja na sahani ya chakula, ingawa ukumbi ni mkubwa mno kwa mtu kujuana na jirani.

Hata mlo ambao wateja wa kale huutetea kuwa ni wa mababu, yaani mkate, jibini na kitunguu cha siki uitwao chakula cha mkulima, ulienezwa kwa matangazo ya wauza jibini na maziwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mkulima kweli alikula mkate na jibini, lakini hakuandikiwa orodha.

Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na pabu zaidi ya 60,000. Leo hazifiki 50,000. Kodi, bei za maduka makubwa, mabadiliko ya kazi na woga wa kuendesha gari baada ya kunywa vimezifunga nyingi, na katika mitaa mingi wateja hawakuulizwa kuchagua baina ya pabu ya kale na pabu ya chakula. Walichagua baina ya pabu ya chakula na mlango uliopigiliwa mbao. Wako waliopanda juu sana. Pabu ya Tom Kerridge huko Marlow, The Hand and Flowers, ilikuwa ya kwanza kupata nyota mbili za kitabu cha Michelin, katika toleo la mwaka 2012. Huko hakuna mzee anayedai kona yake.

Wenye nyumba walio waangalifu wameacha chumba cha mbele bila uma wala kadi, pamoja na ubao wa vishale, na chakula wakakipeleka chumba cha nyuma. Palipo na chumba kimoja tu, wengine huweka meza mbili karibu na kaunta ambazo haziwekewi mtu nafasi kwa simu. Na katika nyumba nyingine mambo hujipanga yenyewe kwa saa. Mzee husimama kaunta na glasi yake mpaka saa tatu. Sahani za mwisho zikiisha kuondolewa, watoto wakiwa wamekwenda kulala, mhudumu hupitia meza moja moja, akazikusanya kadi na kuzitia mfukoni, na kiti huwa cha atakayeketi.