Shukrani Isiishie Mdomoni

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa na 24 wakaokolewa. Taifa lilishukuru. Mvuvi mmoja, kijana Majaliwa Jackson, alizawadiwa fedha na kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Jambo hilo lilikuwa jema na la haki. Lakini siku ile kasia hazikushikwa na mtu mmoja, wala kamba hazikuvutwa na mkono mmoja.

Fundisho hili lawahusu pia wananchi wa Mkoa wa Simiyu, ambao Wilaya yao ya Busega yapakana na ziwa hilo hilo. Huko Bariadi, kama kwingineko Usukumani, yowe la mwano likipigwa, kila mwenye nguvu hutoka bila kuuliza malipo. Upepo ukiezua nyumba usiku, jirani ndiye afikaye kwanza. Gari la serikali hufuata.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Methali hiyo ilimwusia mtenda wema asidai shukrani. Haikumruhusu aliyetendewa kusahau. Hata hivyo, mara nyingi maafa yakipita, majina yanayosomwa hadharani ni ya waliotoa hundi. Kijana aliyefukua kifusi kwa mikono, na mama aliyewapikia uji watoto wa jirani, hawatajwi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 iliweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati inayohesabu mablanketi na magunia ya unga haina budi kuorodhesha pia watu waliojitolea, na majina yao yasomwe katika mkutano wa kijiji. Watumishi wa afya na walimu wawafundishe watu hao huduma ya kwanza, ili mwenye huruma awe pia na ujuzi. Aliyeumia akiokoa wenzake asiachwe ajiuguze peke yake.

Mwano utapigwa tena. Aliyeshukuriwa jana atatoka mbio. Aliyesahauliwa huenda naye akatoka, kwa kuwa ni muungwana. Lakini ni aibu kwa jamii kuutegemea uungwana wake pasipo kuuheshimu.