Maandishi Hayataki Kioo

Tangu Windows Vista ituletee madirisha ya kioo mwaka 2007, mtindo huu haujatuacha. Mwaka 2025 Apple nao wakaja na Liquid Glass. Mimi siupendi, na sababu utaiona kwenye karatasi iliyofungiwa mandazi.

Karatasi kavu huwezi kuona ng'ambo yake. Si kwamba inameza mwanga wote. Nyuzi zake, na hewa iliyo katikati, huutawanya mwanga huku na huku. Mafuta yakiingia huchukua nafasi ya hewa, na kwa kuwa yanapinda mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe, mtawanyiko unapungua. Hapo penye doa panaanza kupitisha mwanga, ingawa karatasi haijawa nyembamba hata kidogo!

Sisi waandishi wa programu tunafanyaje? Tunaandika namba moja, alfa, kati ya 0 na 1, na kompyuta inachanganya rangi ya mbele na ya nyuma. Hakuna kinachotawanyika. Maandishi ya nyuma yanabaki makali, yakigombana na ya mbele. Vista angalau ilitia ukungu, kama kioo cha dirisha la bafu. Lakini herufi nyeupe juu ya picha ya mawingu hupotea hata pakiwa na ukungu, na ukiwa juani kioo cha simu nacho kinakurudishia mwanga machoni.

Menyu ipambwe tu. Lakini kiasi cha pesa na jina la anayetumiwa viwekwe juu ya rangi isiyopitisha chochote.