Senema na Majumba Yake

Limezuka tena barazani lile bishano la siku nyingi: filamu za zamani na za siku hizi, zipi bora? Wazee hutaja Awaara, vijana hucheka. Sisi tunaopenda senema kupita kiasi tumeona tutoe rai yetu, ingawa hatutaraji kumridhisha kila mtu.

Tuanze na hiyo Awaara, ya mwaka 1951. Jaji mmoja anashikilia kwamba mtoto wa mwizi hawi ila mwizi. Kwa kushuku kwamba mimba si yake anamfukuza mkewe mja mzito, na mwanawe analelewa na umasikini hata anakuwa mwizi kweli. Mwana ni Raj Kapoor. Aliyeigiza jaji ni Prithviraj Kapoor, baba yake mzazi. Na katika Mother India, ya mwaka 1957, Nargis anampiga risasi mwana aliyemzaa mwenyewe, kuliko kumwacha aivunje heshima ya msichana wa kijijini. Watu wetu walilia bila ya kujua Kihindi. Mambo ya damu, aibu na haki hayahitaji mkalimani katika Unguja wala Pemba.

Lakini tusidanganyane. Zilikuwapo nyingi za zamani ambazo ngumi haifiki shavuni na mtu keshaanguka, na ambazo kisa cha saa moja kilivutwa kwa saa tatu. (Sholay ya mwaka 1975 nayo yapita saa tatu, ila hiyo hatungekubali ikatwe hata dakika moja.)

Za siku hizi nazo nyingi zina pupa. Kamera haitulii, mtu hajamaliza kutokwa na chozi, picha imekwisha kuhamia kwengine. Hata hivyo, anayedai kwamba filamu nzuri zimekwisha hajaiona Vuta N'kuvute. Amil Shivji ameichukua riwaya ya Adam Shafi akaifanya filamu ya Kiswahili, juu ya Zanzibar ya miaka ya 1950, na Yasmin anayeikimbia ndoa asiyoitaka akakutana na Denge mpigania uhuru. Filamu hiyo ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Yenda taratibu, yaamini macho ya mtazamaji, na giza lake lina maana sawa na mwanga wake. Sisi twaiweka safu moja na zile za Nargis.

Basi itazame kwa simu. Giza lile litakuwa weusi mtupu, na kando yako hakuna wa kuguna naye.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Jumba la Majestic lilifunguliwa mwaka 1955, mahali pa Royal iliyojengwa mwaka 1921 na kuungua mwaka 1954. Lilikuwapo Empire, ikawapo Cine Afrique; na ilikuwapo siku ya maonesho ya wanawake peke yao, ambapo bibi zetu walikwenda kwa vikundi na buibui zao. Leo Empire ni duka, na Majestic ilikwisha kupoteza hata paa. Tamasha la ZIFF, tangu mwaka 1998, hutuonesha filamu Ngome Kongwe, nasi twalishukuru. Lakini tamasha ni la siku chache kwa mwaka.

Wapo wapenda majengo ya kale ambao wamekwisha kuanza juhudi za kuifufua Majestic. Twawaomba wakuu wanaohusika wasiruhusu jumba lile kugeuzwa kuwa duka jengine au hoteli. Likisimama, liwe na siku maalumu kila mwezi kwa kiingilio ambacho mchukuzi wa Darajani na mwanafunzi wa skuli wanakimudu, na siku ya wanawake irudishwe. Filamu ya kwanza twaipendekeza Vuta N'kuvute. Ya pili iwe Awaara, na vijana waje wacheke mle ndani, kama wataweza.