Hesabu ya Mkeka Ifundishwe kwa Kiswahili

Mchezo wa kubashiri matokeo ya kandanda umekwisha kuingia kila mtaa. Makuli wa sokoni, waendesha bodaboda na vijana wasio na kazi hutenga sehemu ya ujira wa siku kununua mkeka, yaani orodha ya mechi ambazo zote sharti zitokee kama zilivyobashiriwa. Michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina Bodi ya kuisimamia. Hivyo suala si uhalali. Suala ni kama mvuja jasho anajua anachokinunua. Muuza mchele hulazimika kupima mbele ya mnunuzi. Muuza bahati hapimi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mechi moja ina matokeo matatu: mwenyeji kushinda, mgeni kushinda, au sare. Mechi mbili zina matokeo 9, tatu zina 27, na mkeka wa mechi kumi una namna 59,049 za kutokea. Namna moja tu ndiyo inayolipwa.

Wachezaji hujibu kwamba wao hawabahatishi kama vipofu, wanazijua timu. Jibu hilo lina haki yake. Basi na tukubali kwamba kila timu iliyochaguliwa ina nafasi 70 katika 100 za kushinda, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa. Kwa kuwa mechi moja haiijui nyingine, nafasi hizo huzidishana. Mechi mbili kutimia pamoja ni nafasi 49 katika 100. Tatu ni 34. Zikifika kumi, hazifiki hata tatu katika mia.

Hapo ndipo unyonyaji unapojificha. Tuseme timu ya namna hiyo hulipa dau mara 1.30. Watu mia wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja kwa mechi moja tu, kampuni itapokea 100,000 na, kwa wastani, kulipa 91,000. Inabakiwa na 9,000, na pengine mtu asione ubaya mkubwa. Watu haohao wakicheza mikeka ya mechi kumi, mshindi atapewa shilingi 13,786, naye atasherehekea mtaa mzima. Lakini washindi hawafiki watatu, na jumla ya malipo ni kama shilingi 39,000. Kampuni inabaki na 61,000. Makato yaliyoonekana madogo katika mechi moja yamerudiwa mara kumi, wala hakuna aliyedanganywa kwa neno hata moja!

Liko pia lile linalowaumiza wengi zaidi: mkeka kuchanika kwa mechi moja. Kijana huona kwamba bahati imemkaribia, akakopa ili ajaribu tena kesho. Katika mikeka mia ya mfano huu, takriban 12 hukosa mechi moja tu, mara nne na zaidi ya ile inayoshinda. Kukosa kidogo, basi, ndiyo kawaida ya mchezo wenyewe, wala si dalili ya ushindi. Mechi za kesho hazina kumbukumbu ya machozi ya jana.

Hesabu za uwezekano hufundishwa sekondari, tena kwa Kiingereza. Aliyeishia darasa la saba amenyimwa silaha hiyo katika lugha anayoifahamu. Taifa lililotangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ambalo mwaka 1973 lilikusanya wananchi kandokando ya redio kwa kampeni ya Mtu ni Afya, haliwezi kudai kwamba jambo hili limelishinda. Redio zipo, na ni nyingi kuliko wakati ule. Kwa bahati mbaya, nyingi kati ya hizo hupokea matangazo ya kampuni hizohizo.

Ni kweli Hazina hupata kodi kutokana na michezo hii. Kodi inayotegemea ujinga wa mlipaji haistahili kutetewa na mjamaa yeyote. Bodi na iamuru kila mkeka uandikwe, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka, ni mingapi ya namna hiyo katika mia moja inayotarajiwa kushinda. Kampuni hazitapata taabu yoyote kuitafuta tarakimu hiyo, kwa maana viwango vyao vya malipo hupangwa kwa hesabu hiyohiyo kabla dau la kwanza halijapokelewa.