Ufundi wa Motokaa: Kuziba Sampu ya Giaboksi

Usenge, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mbuta hupangwa katika barafu tayari kwa safari ya Kisumu kwa njia ya Bondo na Kisian. Barafu haimngoji mtu. Motokaa ikikwama njiani kwa kuvuja mafuta ya giaboksi, mchuuzi hupata hasara mara mbili: samaki huoza, na giaboksi huungua. Kwa hiyo yafaa kila mwenye motokaa ajue jinsi sampu inavyozibwa baada ya kubadilisha mafuta na chujio, hata kama kazi yenyewe itafanywa na fundi.

Motokaa nyingi za huko zililetwa kutoka Japani baada ya kutumika, na nyingi zina giaboksi ya otomatiki. Mafuta yake hulainisha, hupoza, na tena ndiyo yanayozisukuma klachi za ndani hata zishike. Yakipungua sana, pampu huvuta hewa, klachi huteleza, nazo huungua. Sampu ni bakuli lililofungwa chini ya giaboksi kwa bolti ndogo ndogo. Juu yake hukaa chujio, na ndani yake mara nyingi mna sumaku za kunasa unga wa chuma.

Tuseme fundi mwenye haraka amefungua sampu na kubadilisha chujio. Anapaka silikoni tele juu ya gasketi, anakaza bolti kwa nguvu zake zote, kisha anatia mafuta papo hapo. Mwenye gari anashukuru na kulipa. Kesho yake anaona doa jekundu chini ya gari.

Fundi huyo amekosa mara tatu. Kwanza, hakuondoa mabaki ya gasketi ya zamani, na gasketi mpya haiwezi kulala sawasawa juu ya uchafu. Pili, kwa kukaza mno amepinda mdomo wa sampu: bati limebonyea kwenye kila tundu la bolti, na kati ya tundu na tundu pamebaki mwanya. Tatu, silikoni iliyozidi imesukumwa ndani. Vipande vyake vikikatika huenda vikaziba chujio, na hapo giaboksi hukosa mafuta ingawa sampu imejaa.

Njia iliyo sawa ni hii. Gari liwe mahali tambarare, limeegemezwa juu ya vigingi imara. Mtu asilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mafuta yaachwe yapoe kiasi, maana huunguza. Sampu ioshwe, sumaku zifutwe, na nyuso zote mbili zisafishwe bila kuzikwaruza, kisha zikaushwe. Mdomo upimwe kwa rula; uliobonyea unyoshwe taratibu juu ya ubao mgumu. Gasketi ya mpira au ya kizibo kwa kawaida huwekwa kavu. Ikiwa mtengenezaji ameagiza gundi bila gasketi, upakwe mstari mmoja mwembamba usiokatika, unaozunguka kila tundu upande wa ndani, na gundi ipewe muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kutia mafuta.

Bolti zote zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha mtengenezaji. Mara nyingi kipimo hicho hukaribia sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya kukazia nati za gurudumu.

Mafuta yaliyotoka yapimwe, na yatiwe mapya ya aina iliyoagizwa kwa kiasi kile kile. Injini iwashwe, mkono wa gia upitishwe kila mahali, ndipo kipimo kitazamwe kama kitabu cha gari kinavyoeleza. Baada ya safari fupi, sampu itazamwe tena. Mafuta machafu yasimwagwe ufukoni, kwa kuwa ziwa hilo ndilo linalowalisha watu wa Usenge. Yawekwe katika mtungi na kupelekwa kwa wanaokusanya mafuta machafu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini udongo haushiki penye vumbi, hata ukipakwa debe zima. Mwenye gari aombe kuuona mdomo wa sampu ukiwa safi kabla haujafungwa. Kutazama huko hakumgharimu hata senti moja.